Rafiki wa Tuta la Chini

Nilipokuwa mtoto wa miaka sita, kwetu Kola, nilikuwa na rafiki ambaye watu wazima wote waliniambia kwamba hayupo. Niliwabishia kwa muda, nikachoka, mwishowe nikawaamini. Hasara ya kuwaamini niliijua baadaye sana, nikiwa mwanamke mzima mwenye kazi na deni la kueleza kwa nini sijaolewa.

Jina lake lilikuwa Kyalo. Hilo peke yake halikumsaidia mtu yeyote kumtafuta, maana Ukambani kila ukoo una Kyalo wake, na mwingine unao watatu.

Nililelewa na Susu, ndivyo tunavyomwita nyanya kwa Kikamba. Mama alikuwa Machakos mjini, akiuza vitambaa katika duka la familia moja ya Kiislamu, na alikuja nyumbani Jumamosi jioni na mkate. Baba simtaji hapa kwa sababu hakuna cha kutaja. Basi tulikuwa wawili, mimi na Susu, na shamba la matuta lililoteremka hadi kwenye ua wa mikonge. Ng'ambo ya mikonge alikaa jirani yetu Syombua, mwanamke wa maneno machache aliyeishi peke yake.

Susu alikuwa mtu wa mwethya, yale makundi ya akina mama wanaolimiana mashamba kwa zamu. Siku za mwethya aliniachia kiazi kitamu kilichochomwa jivuni na amri moja: nisivuke mikonge. Sikuvuka. Nilikaa kwenye tuta la chini, karibu kabisa na ua, na saa sita mchana Kyalo alitokea katikati ya mikonge akakaa nami.

Namkumbuka vizuri. Alikuwa mkubwa kwangu kidogo. Miguu yake ilikuwa na jivu hadi magotini. Hakukanyaga udongo. Alitembea juu ya mawe ya tuta, jiwe hadi jiwe, na hakupandisha sauti hata akicheka. Alinifundisha kutengeneza mbuzi kwa matunda ya tunguja, unayachoma miiba minne ya miguu yakasimama. Siku moja aliniletea mbuzi watatu kwa pamoja na kuwapanga mbele yangu. Nikamwuliza ni wa nini, akasema ameona kwa watu wakubwa kwamba ndivyo inavyofanywa. Mimi nilimegua kiazi changu nikampa upande wa mkia, ambao ndio mtamu. Kila siku nilimpa upande wa mkia. Sijui kwa nini nilikuwa mkarimu kiasi hicho, maana kwa wengine sikuwa.

"Usiseme niko," aliniambia.

Nilikubali. Jioni hiyo hiyo nilimwambia Susu, kwa sababu nilikuwa na miaka sita na nyumbani hakukuwa na habari nyingine.

Susu hakunigombeza. Kesho yake alishuka hadi kwenye mikonge akamwita Syombua, nami nilikuwa nyuma yake nimeshika kanga yake. (Susu hakujua Kiswahili. Maneno yake nayatafsiri mwenyewe, na ukali mwingi umepungua njiani.)

"Syombua, uko na mtoto hapo kwako?"

"Mtoto wa nani? Mimi niko peke yangu. Wewe si unajua?"

"Huyu anasema kuna kijana."

"Hakuna kijana hapa, mama. Watoto huongea."

Tulipanda kurudi nyumbani polepole. Susu alikuwa mama wa kanisa, aliyejua nyimbo zote bila kitabu, lakini kabla ya kunywa uji alimwaga tone moja chini kwa ajili ya aimu, roho za waliotangulia, na hakuona ugomvi wowote kati ya mambo hayo mawili. Alinikalisha jikoni akanihoji.

"Anakuja saa ngapi?"

"Saa sita."

"Ana kivuli?"

Nikafikiri. Saa sita mchana, nani ana kivuli? Nikasema sikukiona.

"Nyayo anaacha?"

"Haachi."

"Amewahi kuja huku nyumbani, kwa mlango?"

"Amekataa."

"Umempa chakula?"

Nilimwambia habari za kiazi. Hapo uso wa Susu ulibadilika, na mimi, bila kujua kosa langu ni lipi, nikaanza kulia.

Wazee wetu walisema imu, yaani mmoja wa hao aimu, anaweza kumpenda msichana wa watu akamchagua awe mke wake. Huja mchana wa jua kali au katika ndoto, na haji kwa mlango. Haidhuru sana, alisema Susu, mradi msichana hajamlisha. Aimu humwagiwa chakula chini, hawapewi mkononi. Msichana akishampa imu kwa mkono wake ni kama amempikia, amekuwa bibi yake, na mume wa kawaida hatakaa kwake. Shangazi yake Susu ndivyo alivyokuwa. Wanaume watatu walimwoa, na wote watatu walitoka wenyewe wakamwacha na nyumba.

Siku iliyofuata jioni Susu alipika uji wa mawele. Aliutia katika kibuyu chake kidogo, kile kilichopasuka ubavuni naye akakishona kwa uzi wa mkonge, mshono wake mwenyewe wa kupishanisha, unaokwenda na kurudi. Alinishika mkono tukashuka hadi tuta la chini. Alimwaga uji kidogo kwenye udongo, akakiweka kibuyu juu ya jiwe, akaongea akiielekea mikonge. Alitumia sauti ya heshima, ile aliyowawekea wageni wa mbali.

"Sisi hatukukatai. Umekula kwetu, kula na hii. Lakini huyu ni mtoto, hajafika. Rudi kwenu. Akikua, kama bado unamtaka, usije kwa kupitia ua. Njoo kwa mlango, na mbuzi, kama watu."

Asubuhi tulikuta kibuyu hakipo. Susu alifurahi sana. "Amekubali," alisema, na siku nzima aliimba nyimbo za kanisa.

Kyalo hakuja tena. Nilikaa tuta la chini kila saa sita kwa siku nyingi, na kiazi changu, upande wa mkia nimeutenga kando. Mbuzi wa tunguja walinywea wakawa weusi. Nililia, na Susu akaniambia huwezi kumlilia mtu ambaye hakuwapo. Mama naye alipokuja Jumamosi aliniambia hivyo hivyo.

Baadaye nikasoma. Chuoni tulifundishwa somo fupi kuhusu watoto wadogo, na mwalimu akaeleza kwamba mtoto anayekua peke yake hujiundia rafiki kichwani, na ni dalili ya akili nzuri. Nikayaandika hayo daftarini kwa furaha. Kwa hiyo nilikuwa na maelezo mawili, ya Susu na ya mwalimu, yaliyopingana kwa kila kitu isipokuwa jambo moja: kijana hakuwapo.

Sasa ninafanya kazi katika maabara ya kliniki moja mjini Machakos. Kazi yangu ni kutazama kwenye darubini vitu ambavyo jicho haliwezi kuviona, na kuandika kama vipo au havipo. Naifanya vizuri.

Nilipokuwa na miaka ishirini na minane, nilichumbiwa na Mutua. Alikuwa mtu mwema. Watu wake walikuja Kola na mbuzi wa ntheo, wale mbuzi watatu wa kwanza ambao kwetu ndio wanaofunga ndoa. Bila hao unaweza kuzaa watoto kumi na bado ukahesabiwa mgeni. Tukiwa kwenye chai, kabla mbuzi hawajashushwa kwenye pikapu, shangazi yangu mmoja asiyejua kunyamaza alisema kwa mzaha, "Mjue tu huyu ana mume wa kwanza, wa huko chini kwa mikonge." Watu walicheka. Mama yake Mutua hakucheka. Alimwuliza Susu kama ni kweli, na Susu, asiyesema uongo, alisema ni kweli lakini aliambiwa arudi kwao.

Mbuzi walirudi na pikapu. Wiki iliyofuata Mutua akanipigia simu. "Mueni, mum amesema tungoje kidogo," aliniambia. Hiyo kidogo mpaka leo haijaisha.

Nilimkasirikia Susu kiasi cha kutokanyaga Kola mwaka mzima. Mama alinituma niende, sikwenda. Na nikiwa peke yangu kitandani usiku, nikiri hapa, kuna wakati nilijiuliza kama Susu hakuwa sahihi, na nilijichukia kwa kujiuliza. Nilirudi hatimaye kwa sababu alikuwa amezeeka na mimi nilikuwa nimemkumbuka sana. Hatukulizungumza. Wala sikutafuta mwanamume mwingine wa kumleta pale akaliwe nyama na shangazi yangu.

Mwaka jana Syombua alifariki. Nilikwenda kwenye mazishi kama mtoto wa jirani. Katika kusoma habari za marehemu walisema hakujaliwa kuzaa ila aliwahi kumtunza mtoto wa dada yake, na mwanamume mmoja mrefu akasimama kidogo akakaa. Wakataja jina. Sikushtuka, nimeshasema kila ukoo una Kyalo wake.

Baada ya maziko niliingia jikoni kwa Syombua kusaidia kuosha vyombo. Nilitafuta kitu cha kuchotea maji kwenye pipa. Ukutani, juu ya msumari, palining'inia kibuyu kidogo. Nilikishusha, nikataka kukizamisha, na kidole changu kikapita kwenye mshono ubavuni. Uzi ulikwenda na kurudi. Nilisimama nacho mkononi bila kujua nifanye nini.

"Samahani, dada," mtu akasema mlangoni. Alikuwa yule mwanamume mrefu, amekuja kuomba chai ya wazee. "Hiyo usitumie tafadhali. Hiyo si ya hapa."

"Ni ya wapi?"

"Ni ya jirani. Kulikuwa na mama hapo juu alinipatia uji nikiwa mdogo. Sikuwahi kurudisha."

Nilimtazama. Nilitafuta jivu miguuni mwake, na alikuwa amevaa viatu vya ngozi vilivyopigwa rangi.

"Mimi ni Mueni," nikasema.

Alikitazama kibuyu, kisha akanitazama mimi. Maji yalikuwa yakichemka na hakuna aliyeyatoa.

"Si nilikwambia usiseme?" akasema.

"Nilikuwa na miaka sita."

"Najua. Mimi nilikuwa na saba."

Tulikaa nyuma ya nyumba juu ya matofali, na alinieleza kwa utulivu, kama mtu anayeeleza njia. Mama yake alitoroka kwa mumewe, upande wa Kitui, kwa sababu ya kupigwa. Lakini mbuzi walikuwa wameshatolewa, na kwa desturi zetu mbuzi wakitolewa mtoto ni wa upande wa baba. Watu wa baba walikuwa wakimtafuta. Mama alimficha kwa dada yake Kola akaenda Nairobi kutafuta kazi. Syombua alimlaza jikoni karibu na jiko ili asionekane, ndiyo sababu ya lile jivu. Alimwambia kwamba mtu akimwona atachukuliwa. Kyalo alitoka saa sita tu, Syombua akienda mtoni na watu wakiwa mwethya, na alitembea juu ya mawe kusudi asiache nyayo. Basi Susu alihesabu kila kitu sawasawa, jumla ikatoka si yake.

"Ile jioni nilikuwa kwa mikonge," alisema. "Niliskia yote. Susu yako alisema nirudi kwetu. Nikaanza kufikiria kwetu ni wapi. Sikuwa najua."

Nilishindwa kumtazama.

"Kisha nikakunywa uji, nikaingia na kibuyu. Aunti akaogopa sana. Akasema sasa wameshajua. Asubuhi akanipeleka Masii kwa watu wengine."

Huko Masii ndiko alikokulia, na ndiko anakoishi hadi leo, akijenga matangi ya mawe ya kuvunia maji ya mvua. Watu wa baba yake waliacha kumtafuta baada ya miaka michache, lakini kurudi Kola hakurudi ila kwa kumtazama Syombua na kuondoka siku hiyo hiyo. Hakupanda hata mara moja kupita mikonge. Alikuwa ameambiwa asipite hapo.

Ijumaa iliyofuata alikuja Machakos kunitembelea. Na Ijumaa nyingine. Tulikula viazi vitamu katika mkahawa mmoja karibu na soko, na bila kufikiri nikamegua nikampa upande wa mkia, naye akaucheka kwanza ndipo akaula. Nilimpenda. Nililijua siku hiyo na sikulizungusha. Lakini nitasema na hili, kwa kuwa nimeanza kusema kweli: tulipotoka nje, mimi mtu wa maabara, nilitazama chini kuona kama ana kivuli. Kilikuwepo, kirefu, kimelala barabarani mpaka kwenye kibanda cha muuza miwa.

Miezi minane baadaye alitaka kuja na mbuzi. Hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Susu anakaribia miaka tisini. Jicho moja halioni, lakini bila neno lake hakuna mzee wa ukoo wetu atakayepokea hata kuku. Mama alisema tusimwambie huyu ni nani. "Ana jina la kawaida, mwacheni akuwe Kyalo wa Masii tu. Mzee hawezi kuambiwa sahizi ati alikosea." Nilimwelewa Mama. Kumwambia Susu kulikuwa kumwambia kwamba alimfukuza mtoto mwenye njaa kwa heshima zote, na kwamba Mutua alikwenda bure. Angeweza pia kukataa. Angeweza kusema ndiye yule yule, amekuja, na kufunga mlango, na hapo ningekuwa sina wa kumkatia rufaa.

Kyalo ndiye aliyeamua. "Mimi nilifichwa mara moja, Mueni," alisema. "Kwa nyumba yenu siingii nimefichwa."

Basi Jumamosi alikuja Kola na wazee wawili wa Masii, na mbuzi watatu. Alifungua lango, akapita uani mbele ya watu wote, akaja hadi mlangoni. Shangazi yangu alikuwapo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake alikuwa kimya. Susu alikuwa ameketi kwenye kiti chake ndani ya mlango. Kyalo alipiga magoti akamwekea kibuyu mapajani.

Susu alikishika. Vidole vyake vilikwenda ubavuni, vikaupata mshono, vikaufuata kwenda na kurudi hadi mwisho, kisha vikaanza tena.

"Hii umeitoa wapi?"

"Wewe ulinipatia, Susu. Uliweka kwa jiwe. Ukasema nikikua na bado namtaka, nije kwa mlango."

Mbuzi mmoja alilia nje.

"Ulikuwa mtoto wa watu?" Susu akauliza.

"Nilikuwa mtoto wa watu."

"Syombua aliniambia hakuna mtoto."

"Alikuwa anaogopa. Nilikuwa nimefichwa."

Nilikuwa nimesimama nyuma ya kiti chake na niliona mabega yake tu. Nilijua hapo ndipo ataamua.

"Ulikuwa na njaa?"

"Sana, Susu."

Alitafuta fimbo yake, akainuka. Mama alitaka kumshika, akamkataza. Alikwenda jikoni mwenyewe na kibuyu, akichukua muda wake, na sote tulisubiri kama watoto. Aliporudi kilikuwa kimejaa uji na kilikuwa kikivuja kidogo kwenye mshono, maana uzi umezeeka. Nilisubiri amwage lile tone la chini, kama alivyofanya maisha yake yote. Hakumwaga. Alikipeleka mbele kwa mikono miwili mpaka kikagusa mikono ya Kyalo, na hakukiachilia hadi alipohakikisha ameshika.

"Kula kwa mkono wangu," alisema.

Kyalo alikunywa chote. Wazee walianza kuzungumza tena, na nje mtu akawafungua mbuzi akawaingiza zizini kwetu.

Susu hakuomba msamaha, na sikuutaka. Alimwamini jirani yake, na alinilinda kwa kile alichokijua. Wapo watoto ambao hawakulindwa na mtu. Miaka yangu na Mutua, au isiyokuwa na Mutua, siwezi kumdai yeyote. Kitu nilichokuwa nikikitaka tangu nikiwa na miaka sita kilikuwa kidogo zaidi ya hapo, na nilikipata jioni hiyo nikimsaidia Susu kuvua viatu kitandani. Alinitafuta uso kwa lile jicho moja zima.

"Wewe uliniambia yuko," alisema.

"Nilikuambia, Susu."

"Eeh," alisema. "Uliniambia."